Siku moja maishani mwangu: kufundisha upigaji picha kwa hadubini

Saa 1:30 asubuhi. Nawasha leza ya hadubini mapema, maana ikiwa bado haijapata moto nguvu yake huyumba, na vipimo vya mwanzo havitalingana na vya baadaye. Naipima, naandika kwenye daftari la mashine.

Saa 3. Kabla mwanafunzi hajagusa kitufe, namuuliza: unapima nini, na sampuli ya kulinganishia iko wapi? Asiye na jibu anasubiri. Picha ya hadubini ni kipimo, si pambo la makala.

Saa 5. Mmoja ananionesha seli zinazong'aa kwelikweli. Tunafungua histogramu, chati inayoonesha ni nukta ngapi za picha zina kila kiwango cha mwanga: nguzo ndefu imebanana ukingoni kulia, kwenye 255. Picha ya biti 8 haina namba zaidi ya hapo, kwa hiyo seli angavu na iliyo angavu maradufu zote zimeandikwa 255. Tofauti aliyoitafuta imepotea, na hakuna programu ya kuirudisha. Tunapunguza leza kwa kuanzia na sampuli angavu kuliko zote, tunahamia biti 12, yenye ngazi nyingi zaidi za mwanga, kisha mipangilio hiyohiyo inabaki kwa sampuli zote.

“Mwalimu, mbona sasa imefifia?”

Imefifia machoni tu. Namba zake zipo zote.

Saa 8 mchana. Kuchagua eneo la kupiga. Hapa huwa mkali, kwa sababu mtu anaweza kuzungusha slaidi mpaka aipate seli inayokubaliana na nadharia yake. Kompyuta ichague maeneo kwa bahati nasibu, na mwenzake afiche majina ya sampuli. Mwaka 2016 mwanabiolojia Elisabeth Bik na wenzake walichapisha ukaguzi wa makala 20,621 za kisayansi, na asilimia 3.8 zilikuwa na picha zilizorudiwa isivyofaa. Wanafunzi hushtuka wakisikia hivyo. Mimi naihofia zaidi picha halisi iliyochaguliwa kwa upendeleo, maana hiyo hakuna jicho la mkaguzi litakaloinasa.

Saa 10. Wanabadilishana faili ghafi na maelezo, kila mmoja arudie uchambuzi wa mwenzake. Wawili wamehesabu seli kwenye picha ileile, majibu yametofautiana. Tunafuatilia hatua kwa hatua: mmoja alivuta kizingiti cha mwanga, yaani kiwango kinachotenganisha seli na usuli wa picha, kwa kukadiria, hakukiandika popote. Nawaonesha jinsi Fiji, programu ya kuchambua picha, inavyorekodi amri kuwa makro, yaani orodha ya hatua ambayo kompyuta inaweza kuirudia. Wanaiendesha kila mtu kwenye kompyuta yake, hesabu zinalingana. Makro inaingia kwenye folda moja na faili ghafi, na kuanzia leo sipokei kazi isiyo nayo.