Namba iliyoanza na 169

Baba alinipigia simu Jumamosi asubuhi. "Mwanangu, kompyuta imekataa mtandao. Nimeizima na kuiwasha mara nne." Nikamwomba asiizime tena na asiguse kitu mpaka nifike. Kompyuta hiyo ndiyo anayoandikia kumbukumbu za ukoo wetu, na kila mwisho wa wiki humtumia baba mdogo kurasa alizomaliza ili amsahihishie majina ya wazee. Kurasa za wiki ile zilikuwa tayari, na nilitaka zifike siku ile ile.

Nilikuta simu yake inapata intaneti bila shida kwa Wi-Fi ya nyumbani. Hapo hapo nusu ya kazi ikawa imekwisha. Ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao nyumbani, ni nzima, laini inayoingia nyumbani ni nzima, basi tatizo liko kati ya ruta na kompyuta au ndani ya kompyuta yenyewe. Wengi hulikosa swali hili la kwanza. Utamkuta mtu anavuruga mipangilio ya kompyuta kumbe nyumba nzima haina mtandao, au analalamika kwa kampuni ya intaneti kumbe waya umechomoka nyuma ya meza.

Kompyuta ya Baba imeungwa kwenye ruta kwa waya, kwa hiyo niliingia chini ya meza na tochi ya simu. Kichwa cha waya ule kina kilimi cha plastiki kinachokishika ndani ya tundu. Kikivunjika, kichwa hulegea na kurudi nyuma kidogo sana, kiasi ambacho ukitazama kwa juu juu huoni. Kilimi kilikuwa kizima. Nikachomoa, nikavikagua vile vipande vinane vya chuma vilivyopangika kama meno ya kitana, nikachomeka tena mpaka kikalia tik. Taa ya kijani kando ya tundu ikawaka, ya manjano ikaanza kupepesa. Taa hizo hukuambia tu kwamba umeme unapita kwenye waya na vifaa viwili vimeshikana. Kama vinaelewana, hilo ni jambo jingine, na ndilo lililokuwa limeharibika.

Nikafungua dirisha jeusi la amri, nikaandika ipconfig, amri inayoonyesha hali ya mtandao wa kompyuta. Kwenye mstari wa anwani ya IP, yaani namba inayoitambulisha kompyuta mtandaoni, ikatokea 169.254.83.17. Baba alikuwa amesimama nyuma yangu na miwani yake, nikamwonyesha kwa kidole: "Hii hapa, Baba. Namba hii ndiyo inayotuambia kila kitu."

Kompyuta ikiwaka huuliza mtandao mzima wa nyumbani: nani hapa anagawa anwani? Ruta hujibu na kuiazima namba kwa muda maalumu. Utaratibu huo huitwa DHCP, na nyumbani kwa Baba namba zake huanza na 192.168.1. Kompyuta isipopata jibu, Windows hujipa namba yenyewe kutoka fungu la 169.254, lililotengwa kwa ajili ya hali hiyo. Kwa namba hiyo inaweza kuzungumza na vifaa vya hapo karibu vilivyojipa namba kama hizo, lakini haitoki nje ya nyumba. Ukiiona, achana na kivinjari na achana na nywila. Kompyuta imeita ikakosa wa kuitika.

Swali likawa: je, ruta haisikii, au kuna kinachoziba masikio ya kompyuta? Nikachomoa waya ule ule nikauchomeka kwenye kompyuta mpakato yangu, nikazima Wi-Fi yake. Sekunde chache tu ikapewa 192.168.1.23. Waya hauna kosa, ruta haina kosa. Ningeweza kukisia hayo tangu mwanzo, lakini jaribio la dakika moja nililithamini kuliko kukisia kwa saa nzima.

Nilijaribu amri ya kurudisha mipangilio ya mtandao ilivyokuwa awali, netsh int ip reset, nikawasha upya. Ikarudi 169.254 vilevile. Rafiki yangu mmoja fundi nilipomweleza kwa simu akasema, futa Windows uiweke upya, utapona. Ushauri huo siupendi hata kidogo. Huenda ungeponya kweli, ila tungebaki hatujui kilichotuumiza, na ndani ya diski ile mna miaka mitatu ya kazi ya mzee. Mashine ya mtu mwingine huifuti kwa sababu umechoka kuitafutia ugonjwa.

Nikaiwasha kwenye hali salama yenye mtandao, ambamo Windows huamka na vitu vichache vya lazima tu na kuziacha nje programu nyingi za kuongezwa. Nikaandika ipconfig tena. 192.168.1.24! Nilipiga meza kwa furaha. Kadi ya mtandao nzima, Windows nzima. Kulikuwa na programu inayoamka siku zote ambayo leo imeachwa nje, na hiyo ndiyo mhalifu.

"Baba, umeweka programu gani mwezi huu?"

"Sijaweka kitu." Akafikiri kidogo. "Ila ile ya kuzuia virusi iliyokuja na kompyuta ilisema muda wake umekwisha. Nikaifunga."

Programu za aina hiyo huweka chujio kwenye njia ya mtandao, ili kila kinachoingia na kutoka kikaguliwe kwanza. Muda wa majaribio ulikuwa umekwisha, programu imelala, chujio limebaki palepale limefunga mlango. Niliiondoa yote, nikahakikisha ulinzi wa Windows wenyewe umewaka, nikawasha kompyuta upya kwa kawaida. Anwani ikaja sawasawa.

Lakini kurasa hazikufunguka.

Hapa ndipo mtu hukata tamaa, akadhani tatizo ni lile lile limerudi. Nikatumia ping, amri iliyoandikwa na Mmarekani Mike Muuss Desemba 1983 na kupewa jina la mlio wa chombo cha nyambizi cha kupima kilicho mbele kwa mawimbi ya sauti. Unatuma mlio, unasubiri mwangwi. Nikaanza na ruta, 192.168.1.1, ikajibu. Nikaenda mbali, 8.8.8.8, seva ya Google, nayo ikajibu. Njia ya kwenda nje iko wazi. Nikaandika jina la tovuti badala ya namba, kompyuta ikasema haimjui huyo.

Basi kilichokufa ni DNS, daftari linalogeuza majina kuwa namba, ambalo nalo lilibuniwa mwaka huo huo wa 1983. Nikaandika ipconfig /all, nikasoma mstari wa seva ya DNS: 127.0.0.1. Hiyo ni anwani ya kompyuta yenyewe. Ile programu ilikuwa imeiagiza kompyuta ipeleke majina yote kwake kwanza, na sasa programu haipo lakini agizo limebaki. Nikaingia kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, nikachagua DNS ipatikane yenyewe kutoka kwenye ruta, nikafuta majibu ya zamani ya DNS kwa ipconfig /flushdns. Kivinjari kikafunguka. Baba akaketi, akaambatisha faili lake, akatuma.

Kabla sijaondoka nilimwandikia karatasi nikaibandika ubavuni mwa skrini: andika ipconfig, soma namba inaanza na nini, kisha piga ping kwa ruta, kisha kwa 8.8.8.8, kisha kwa jina. Akanitaka nimwongezee maelezo kando ya kila mstari, akayapitia kwa kalamu nyekundu kama alivyozoea.

Wiki mbili baadaye akapiga simu. "Mwanangu, namba inaanza na mia moja tisini na mbili. Ruta inajibu. Zile nane nne hazijibu."

"Basi kasoro iko nje ya nyumba, Baba. Wapigie kampuni uwaambie hivyo hivyo."

Akawapigia, na jioni mtandao ukarudi bila mimi kutoka kwangu.