Nimechomoa kizibo

Jumamosi usiku nilichomoa kizibo. Naanza na hilo ili aibu ipungue.

Nipo Kyoto, Japani, wiki ya pili, kwa familia iliyonipokea: baba, mama na binti yao wa sekondari. Saa mbili usiku mama akaniambia maji tayari, nitangulie. Mgeni ndiye huoga wa kwanza, ni heshima yao. Chumba cha kuogea kina hodhi fupi lenye kina, lakini huingii humo kwanza. Unakaa kwenye kigoda cha plastiki, unajimwagia maji kwa kibakuli, unajisugua na kujisuuza hadi povu lote liishe. Hapo nilikuwa mwenyeji kabisa. Ndoo na kopo nimevianza Tanga kabla ya darasa la kwanza. Ukishatakata ndipo unaingia hodhini, maji ya nyuzi joto kama 42 yakufike shingoni, na kazi yako ni kukaa tu. Sabuni haiingii mle.

Nikakaa hadi vidole vikakunjamana. Nilipotoka, kwa malezi yangu ya kutomwachia mwenzako maji yako, nikachomoa.

Bomba lilipoanza kukoroma, mama akaja mlangoni kuuliza kwa upole kama niko salama. Binti ndiye aliyenifafanulia, huku akijizuia kucheka. Maji yale ni ya nyumba nzima! Baada yangu angeingia baba, kisha yeye, mama wa mwisho, na kila anayetoka huyafunika yasipoe. Asubuhi mama hutumbukiza mpira hodhini, kipampu kikayavuta hadi kwenye mashine ya kufulia. Kumbe nilikuwa nimemwaga kuoga kwa watu watatu pamoja na nguo za Jumapili.

Mama akafungulia maji mengine. Baba hakusema neno. Alichukua vitaulo viwili, kimoja akanipa. "Sento," akasema, tukatoka.

Sento ni bafu la mtaa, la kulipia. Mlangoni pananing'inia pazia lenye herufi moja, *yu*, maji ya moto. Viatu unavifungia kwenye kikabati, na ndani wanaume kwao, wanawake kwao, wote uchi kama walivyozaliwa. Hilo nililiogopa zaidi ya kizibo. Lakini hakuna aliyenitazama. Wazee walikuwa wanajisugua migongo, vibakuli vya njano vikigonga vigae ko, ko. Vina tangazo la dawa ya maumivu, na vimekuwa mabafuni tangu 1963. Baba alikikunja kitaulo chake, akakiweka juu ya kichwa, akafumba macho. Taulo halichovywi kwenye maji ya watu. Nikaiga. Changu kikaanguka majini mara mbili.

Mwaka 1968 Japani ilikuwa na sento kama 18,000. Leo hazifiki 2,000, kwa kuwa nyumba nyingi zina hodhi lake. Tulipovaa, baba alininunulia maziwa ya kahawa ya chupa, baridi, tukanywa tumesimama. Nadhani hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya kwanza, ingawa hatukuongea.

Leo mama amenitanguliza tena. Nimeoga, nimekaa, nimeyafunika. Kisha nikasimama nje ya mlango, sikio ubaoni, nisikilize kama hayaendi.