Inakata nikienda rivasi

Leo nimemwomba radhi mzee anayeendesha foklifti ya umeme kwenye ghala la chai, Shimanzi, Mombasa. Wiki tatu nzima alikuwa akiniambia, "Fundi, inakata nikienda rivasi." Nami wiki tatu nikatafuta ubovu kwenye rivasi.

Mashine ni kuukuu, ya volti 48, betri ya seli 24. Chai hunyonya harufu upesi, ndiyo maana dizeli haiingii ndani mle. Hii ikigoma, magunia hubebwa kwa mgongo.

Betri ilikuwa sawa, na mzigo ulipanda bila shida, kwa hiyo nikabaki upande wa mwendo. Nikasafisha kontakta, zile swichi kubwa za kupeleka umeme kwenye mota, nikabadilisha swichi ya leva ya mbele na nyuma, nikatazama kaboni za mota, ambazo hulika kwa kusuguana: bado ndefu. Nikaijaribu mwenyewe kwenye yadi, rivasi mara kumi, haikukata hata mara moja. Nikaanza kuushuku mguu wa mzee. Hilo ndilo lililoniuma leo.

Leo sikufungua kitu. Nilikaa juu ya paleti tupu nikamtazama akifanya kazi. Alipoingiza rivasi aligeuka kiwiliwili kizima: mkono wa kushoto kwenye usukani, wa kulia umeshika nguzo ya nyuma, paja la kushoto limeinuka kitini. Ikakata. Mimi nikirudi nyuma hugeuza shingo tu. Yeye hugeuka kama inavyotakiwa.

Tukainua magurudumu ya mbele, tukaweka magogo. Swichi ya chini ya kiti, inayokata mwendo dereva akitoka kitini, ilikuwa nzima. Nikaukunja waya wake kwa vidole viwili, mita ikaanguka kutoka 48 hadi sifuri, ikarudi. Ganda la nje halikuwa na mkwaruzo, ila ndani shaba ilikuwa imekatika, nyuzi mbili tatu tu ndizo zilizokuwa zikigusana, zimeota kijani. Na ikishakata, mashine hii haikubali kwenda mpaka uachie pedali na urudishe leva katikati. Nikaelewa kwa nini mzee alisema "inanuna kidogo".

Wiki iliyopita nilishauriwa niiruke swichi hiyo, niunganishe moja kwa moja. Nilikataa, na nitakataa tena. Dereva akianguka, hiyo ndiyo inayoisimamisha mashine.

Nikachomoa betri, nikaweka waya mpya laini, mrefu kidogo ili kiti kikisogezwa usivutike. Saa kumi na moja jioni mzee alikuwa bado anapakia, anageuka vile vile. Sikuondoka mpaka alipomaliza.