Tafakari ya wiki: Bili ya gereza na daftari la dukani

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imechelewa, nilitakiwa kuituma Jumatatu ila ilikuwa inanichoma mwenyewe kwanza, mkifika mwishoni mtaelewa.

Mliokuwepo jumuiya Jumamosi asubuhi pale Pasua mnakumbuka. Mzee wetu mmoja (simtaji, anajijua) alisema wafungwa walipishwe gharama zao zote, haiwezekani mtu aibe halafu akalale bure ale ugali maharage kwa kodi zetu, akafungua na 2 Wathesalonike 3:10, asiyetaka kufanya kazi na chakula asile. Tukaitika amina mpaka mabati yakalia, na mimi nilikuwa mmoja wa waliopiga makofi. Hata Rais Magufuli mwaka 2018 alisema karibu hivo hivo, kwamba ni aibu nchi kuendelea kuwalisha wafungwa wakati magereza yana mashamba, wafanye kazi wajilishe.

Kwenye kazi sina ubishi kabisa. Ila wafungwa wetu wanafanya kazi jamani, vile viatu vyeusi vya ngozi alivyovaa mzee siku ile vimetoka Karanga hapa hapa Moshi, alishatuonyesha mwenyewe akivisifia soli. Yaani mtu amesimama juu ya jasho la mfungwa anasema mfungwa anakula bure. (Mzee nisamehe, soda yako ipo.)

Sasa kazi ni kazi, na bili ni habari nyingine. Kwa wenzetu Marekani bili ipo kweli, majimbo mengi yana sheria ya kumdai mfungwa gharama za kukaa ndani. Connecticut walikuwa wanahesabu dola 249 kwa siku, ni zaidi ya laki 6 za kwetu, kwa hela hiyo hapa Moshi unalala hoteli yenye dirisha linaloangalia mlima na chai ya asubuhi juu. Kuna mama mmoja kule alifungwa kama miaka 2 na nusu kwa kesi ya madawa, akatoka 2002, akaendelea na maisha. Miaka mingi baadaye mama yake mzazi akafariki akawaachia watoto nyumba, ndo serikali ikatokea na bili yake, dola 83,762. Mwaka 2022 jimbo likalegeza sheria, wakabakiza zaidi wale wa makosa mazito kama mauaji. Lakini angalieni ile bili ilikuwa imeenda kukaa wapi, kwenye jasho la bibi wa watu ambaye hakuiba kitu.

Na sio jambo jipya. Zamani Uingereza bwana jela wengi hawakuwa na mshahara, waliishi kwa ada walizowatoza wafungwa wenyewe. Mwaka 1773 John Howard, mtu wa kumcha Mungu, akawa sherifu wa jimbo la Bedfordshire, yaani afisa ambaye gereza la jimbo liko chini yake, akaingia gerezani kwake akakuta watu ambao mahakama imeshasema hawana hatia wanarudishwa ndani kwa sababu hawajamaliza kumlipa bwana jela. Akawaomba mahakimu wampe bwana jela mshahara ili ada zife, wakamwambia tuletee mfano wa sehemu nyingine wanapofanya hivo, basi akazunguka majimbo ya jirani kutafuta mfano, hakuupata, alichokuta ni dhuluma ile ile kila alipofika. Mwaka uliofuata, 1774, bunge likapitisha sheria watu wasioonekana na hatia waachiwe bila kudaiwa hizo ada. Mnaona, mtu ameshinda kesi lakini anafungwa na bili ya kufungwa.

Ndo nikarudi kwenye Neno nione mwizi anamlipa nani. Kutoka 22, aliyeiba ng'ombe akamchinja au akamuuza analipa ng'ombe 5, wa kondoo analipa 4, na mifugo hiyo inaenda kwa mwenye zizi. Zakayo aliposhuka kwenye mkuyu alisema atamrudishia mara nne yule aliyemnyang'anya, Kaisari hakutajwa hapo. Sasa fikirieni kijana katoka jela ana elfu hamsini tu mfukoni, serikali inaidai kwa ajili ya godoro na maharage, na mwenye duka aliyeibiwa naye anaidai, nani aichukue? Serikali ikitangulia mwenye duka hana chake, kaibiwa mara mbili. Hii hoja Jumamosi hakuna aliyeitaja na mimi niliyeibiwa nilikuwa nimekaa pale pale.

Halafu Mathayo 18. Yule mtumwa aliyesamehewa talanta 10,000, hiyo ni hela ambayo kibarua wa siku zile asingeifikia hata angeishi mara elfu, anatoka nje anamkaba mwenzake kwa dinari 100, mshahara wa kama miezi mitatu minne hivi, anamtupa kifungoni mpaka alipe. Mpaka alipe kwa kitu gani? Kule ndani atauza nini? Wa kulipa ni ndugu zake walioko nje, na huyo mtumwa aliyemkaba alilijua hilo vizuri.

Basi niseme yangu. Wengi mnajua nilikuwa na kijana dukani kwangu Mbuyuni, na mnajua Desemba ya Moshi inavyokuwa watu wakipanda nyumbani, hela inaingia kuliko mwaka mzima. Kijana akaondoka na mauzo ya wiki ya Krismasi, 1,400,000. Akakamatwa, akafungwa, hela haikuonekana. Niliposikia hukumu nilifurahi na sioni aibu kusema nilifurahi.

Mwezi uliofuata akaja mama yake dukani. Anauza ndizi Kiboriloni, ni mkubwa kwangu, nikamwamkia shikamoo mama kwa shingo upande. Akafungua fundo la kanga akatoa elfu kumi, akasema "baba, naomba uiandike." Nikachukua, nikafungua daftari la madeni, nikaandika jina la mwanae, nikatoa. Kila mwisho wa mwezi anakuja hivo hivo, sasa imefika mara ya sita, imebaki 1,340,000. Nimepiga hesabu, toka alivyoanza mpaka aje amalize ni miaka 11 na ushee. Na hapo hapo ana nauli ya kwenda kumwona, sabuni ya mche, dawa ya meno. Hivyo tulivyokuwa tunapiga makofi kwamba wafungwa walipe, kuna mtu alikuwa analipa tayari, kwangu, na risiti sikuwahi kumpa.

Jumatatu nikafungua Filemoni kuandaa tafakari. Paulo yuko kwenye minyororo, anamwandikia Filemoni habari za Onesimo mtumwa wake, kwamba kama amekudhulumu ukiandike hicho juu yangu, mimi nitalipa. Nimesoma hiyo barua toka kipaimara, siku zote najiona nimekaa upande wa Paulo. Juzi ndo nimejiona nimekaa na daftari mkononi.

Sijalifuta deni wapendwa, sitaki kuwadanganya, 1,400,000 ni mtaji na watoto wako shule. Lakini mwisho wa mwezi ni Alhamisi na yule mama atakuja, na sijui nitamwambia nini akianza kufungua ile kanga. Mniombee.