Ndege Wanaojua Wakati wa Kurudi

Wapendwa katika Bwana,

Tunapozungumzia ndege kanisani, mara nyingi tunakwenda moja kwa moja kwenye Mathayo 6, ambapo Bwana Yesu anatuambia tuwatazame ndege wa angani wasiopanda wala kuvuna, nasi tunaondoka tumefarijika. Nabii Yeremia, katika sura ya 8 mstari wa 7, anawataja kwa kusudi jingine kabisa: ndege wa angani wanayajua majira yao na kuushika wakati wa kuja kwao, lakini watu wa Mungu hawaijui hukumu ya Bwana. Hapo ndege wamesimamishwa kuwa mashahidi dhidi yetu. Andiko hilo tulikuwa nalo mwisho wa juma uliopita, baadhi yetu tulipokwenda kuwatazama ndege wahamaji katika hori la Mida, karibu na Watamu, pwani ya Kenya.

Huu ndio wakati wao. Kusi limelegea, vuli inakaribia, na kaskazini ya mbali majani yanapukutika na baridi inaifunga ardhi iliyowalisha. Maji yakipwa, hori la Mida huwa uwanja mpana wa tope na mchanga, na ndege hutawanyika mbali hata kwa darubini huonekana vitone tu. Anayetaka kuwaona vizuri hungoja maji yaanze kujaa, kwa maana hapo bahari huwasogeza kidogo kidogo kuelekea kwenye mikoko. Tuliwaona sululu, na wale ndege weupe wenye migongo myeusi wanaovunja kaa kwa midomo minene, ambao hutaga ndani ya mashimo ya mchanga katika pwani za Uarabuni.

Aliyenigusa zaidi ni chamchanga mdogo mwenye mdomo uliopinda, ambaye uzito wake hauzidi sana ule wa yai la kuku. Huyu huzaliwa katika nyanda za baridi za Siberia. Dume huanza safari mapema, mwezi wa Julai, akimwacha jike aatamie na kulea peke yake. Baadaye jike naye huondoka, na makinda hufuata nyuma yao wakiwa na umri wa majuma machache tu. Njia ya kuja kwetu ni zaidi ya kilomita 8,000, hawajaiona kamwe, na wazazi wao wamekwisha kutangulia. Hata hivyo hufika. Wataalamu wanatueleza kwamba ndege wahamaji huongozwa na jua, nyota na nguvu ya sumaku ya dunia, na kwamba mwelekeo wa safari wameurithi. Maelezo hayo kwangu yanaliongezea uzito swali ambalo Mungu alimuuliza Ayubu katika sura ya 39: je, ni kwa akili zako wewe, Ayubu, mwewe huyanyosha mabawa yake kuelekea kusini?

(Namshukuru Mungu kwa A Rocha Kenya, shirika la Kikristo lenye kituo chake Watamu, ambalo huwachunguza ndege wa hori hili na kuwavisha pete miguuni ili watambulike. Ni kazi ya subira, na ni vyema kwamba waamini wanaifanya.)

Sasa tazameni mstari unaofuata katika Yeremia 8. Watu wanajibu kwamba wao wana hekima, kwa kuwa torati ya Bwana wanayo. Kuwa nayo walikuwa nayo kweli, katika magombo na mikononi mwa waandishi, lakini kurudi walikataa, na mistari ya 4 na 5 inauliza kwa uchungu kwa nini mtu aliyepotea njia asirudi. Kinda wa chamchanga hana gombo. Alichopewa kimewekwa ndani yake, naye hukitii majira yanapofika. Ndiyo maana naamini ahadi ya Yeremia 31:33, kwamba Bwana ataitia sheria yake ndani ya watu wake na kuiandika mioyoni mwao, ni jibu la Mungu mwenyewe kwa lawama ile ya sura ya 8.

Juma hili naomba tuzisome sura hizo mbili kwa kufuatana, tukianza na ile ya 8, na kila mmoja amtaje mbele za Bwana ndugu mmoja aliyeacha ushirika, kisha amtembelee nyumbani kwake kabla ya Jumapili.