Mali ya Bendi

Mbao yenyewe ilikuwa masalio. Mteja mmoja wa Chumbageni aliagiza mlango wa mkangazi, nikanunua ubao mpana kuliko mahitaji, na kipande cha nusu mita na ushee kikabaki kimeegemea ukuta wa karakana yangu ya uani, Ngamiani, kikingoja kugeuzwa kigoda. Ilikuwa 2011, mwaka wa mgao. Maji yalikuwa yamepungua mabwawani, umeme ukija usiku wa manane na kuondoka kabla ya adhana ya alfajiri, na fundi mwenye mashine akawa hana tofauti na asiye nazo. Nikarudi kwenye randa ya mkono ya marehemu baba na patasi zake. Wateja nao walikuwa wachache, kwa hiyo muda ulikuwepo.

Mjomba alikuwa na kawaida ya kupita baada ya alasiri. Siku hiyo aliegesha baiskeli, akaitikia shikamoo yangu, akakiokota kile kipande. Akakisogeza sikioni na kukigonga kwa kifundo cha kidole.

"Hili ni gitaa," akasema.

"Mjomba, huo ni ubao wa mlango."

"Mlango gani unaolia hivi?"

Nilicheka, lakini usiku nikawa nawaza. Mjomba alipiga solo zaidi ya miaka ishirini. Alikulia hapahapa Tanga, enzi ambazo Atomic Jazz na Jamhuri Jazz walikuwa wakigombea mashabiki wa mji mmoja, na gitaa lake la kwanza lilikuwa debe la mafuta lenye waya za breki za baiskeli. Baadaye akaitwa Dar es Salaam kwenye bendi ya shirika moja la umma. Siku zile mwanamuziki aliajiriwa kama karani au dereva: ana mshahara, ana sare, na vyombo ni mali ya mwajiri. Gitaa alilolipiga miaka yote hiyo lilikuwa na namba mgongoni, imeandikwa kwa rangi nyeupe kama zile za viti na makabati ya ofisini. Dansi likiisha, analirudisha kwa mtunza vyombo na kutia saini daftarini. Mara moja aliomba alale nalo nyumbani afanyie mazoezi wimbo mpya. Akaambiwa aandike barua. Aliiandika, na majibu hayakuja.

Miaka ya tisini mashirika yakaanza kuuzwa, bendi ikavunjwa, vyombo vikafungiwa stoo. Mjomba akarudi Tanga na suti mbili za jukwaani. Mtu ambaye watu walilipa kiingilio kumsikia hakuwahi kumiliki gitaa la umeme hata siku moja. Alikuwa akilisimulia jambo hili kama anavyosimulia hali ya hewa, na nadhani ndiyo maana lilinikera zaidi mimi kuliko yeye.

Basi nikaanza. Nilikwenda mjini kwenye intaneti kafe, nikachapisha kurasa kadhaa za vipimo, nikazibandika ukutani juu ya jiriwa.

Kiwiliwili hakikunisumbua. Mkangazi ni mti mpole, unakubali patasi, na ni wa ukoo mmoja na mahogani wanayotengenezea magitaa Marekani. Nilichora umbo kwa penseli, nikakata kwa msumeno mwembamba, nikachimba matundu ya swichi na pikapu, kile kidude kinachonasa mtikisiko wa nyuzi, kwa keekee ya mkono na patasi. Anayetengeneza kabati lenye droo hawezi kushindwa hapo.

Shingo ndiyo kazi. Nyuzi sita zikishakazwa zinaivuta shingo kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 40, mchana na usiku, na mbao yoyote ikivutwa hivyo bila msaada itapinda kama upinde wa mshale. Nilichagua mninga, kwa sababu mninga ukishakauka haunywei wala hauvimbi ovyo. Milango ya mninga ya baba bado inafungika vizuri masika na kiangazi. Ndani ya shingo nikachimba mfereji uliobonyea katikati, nikalaza chuma cha mviringo cha milimita 6 ambacho jirani yangu mchomeleaji alikitia meno ya nati upande mmoja. Nati ikikazwa, chuma kinataka kunyooka, na kwa kutaka kunyooka kinaisukuma shingo upande wa pili wa mvuto wa nyuzi. Mjomba alikitazama chuma kikifukiwa, akauliza kama natengeneza gitaa au najenga lenta.

Juu ya shingo, pale vidole vinapobana nyuzi, niliweka mpingo. Wazungu wanauchukua mti huu kusini kwetu wakatengenezee klarineti na obo, na mimi niliupata kwa mchonga vinyago wa Kimakonde kama kipande kilichomkatalia kuwa mtu. Ukiutupa majini unazama. Randa niliinoa, nikapitisha kidogo, nikainoa tena. Vumbi lake jeusi lilinikereketa koo mpaka nikajifunga kitambaa puani, na kwa siku kadhaa mke wangu akawa ananiuliza kama nimeacha useremala nikahamia kwenye mkaa.

Halafu freti, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Hapa ndipo gitaa linapokuwa gitaa au linapokuwa pambo la ukutani, na hesabu yake ni nzuri ajabu. Unachukua urefu wa uzi kutoka kizuizi cha mfupa kilicho kwenye ncha ya juu ya shingo hadi darajani, pale nyuzi zinapoegemea kwenye kiwiliwili. Wangu ulikuwa milimita 648. Unagawa kwa 17.817. Jibu, 36.37, ndilo umbali wa freti ya kwanza. Kilichobaki unakigawa tena kwa namba ileile, unapata ya pili, hivyo hivyo mpaka mwisho. Ukifika ya kumi na mbili utajikuta uko katikati kabisa ya uzi, milimita 324, na hapo sauti ni ileile iliyopanda oktava moja. Alama zote nilizipima kutoka kwenye kile kizuizi, maana ukipima kutoka freti moja kwenda nyingine, tofauti ndogo ya unene wa penseli inazaliana, na ukifika chini umeshatoka nje ya muziki.

Msumeno wa kukata mifereji myembamba kiasi kile sikuwa nao. Nikachukua utepe wa msumeno wa chuma, nikausugua pande zote mbili kwenye jiwe la kunolea mpaka meno yakaacha kutanuka, ukawa unakata mfereji wa nusu milimita na kidogo. Waya wa freti nilimwagiza dereva mmoja wa basi la Mombasa. Mjomba yeye alipendekeza spoku za baiskeli, kama walivyofanya yeye na wenzake udogoni, lakini alipouona waya wenyewe akaugeuza geuza mkononi na spoku hazikutajwa tena.

Kile kizuizi cha juu kilitokana na mfupa wa mguu wa ng'ombe. Supu yake tuliinywa. Daraja nililikata kwenye chuma cha pembe cha madirisha, nikalitia boliti sita, kila uzi na boliti yake inayoweza kusogezwa mbele na nyuma.

Ikabaki pikapu. Ningeweza kuagiza na hiyo pia, lakini fedha ilikuwa imekwisha, na pia nilitaka kuona kama inawezekana. Pikapu ni kitu kidogo sana ukikielewa: sumaku, na waya wa shaba uliozungushwa mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku unautikisa ugasumaku wake, na waya unazaa umeme kidogo mno, ambao amplifaya inaukuza. Sumaku nilikuwa nazo tele, zile za kushikia milango ya makabati. Nikaweka mbili chini, nikasimamisha skrubu sita za chuma juu yake, moja kwa kila uzi, na pembeni nikafunga vipande vya fomaika vya kuzuia waya usitoke.

Waya ndio ulionitembeza. Unatakiwa uwe mwembamba kuliko unywele, kama sehemu sita za mia moja ya milimita. Wasuka mota wa mjini walinionyesha waya wao mwembamba kuliko yote, ukawa kamba. Mmoja wao ndiye aliyenishauri nivunje adapta za zamani, zile nzito zenye transfoma ndani. Koili yake ya upande wa umeme mkubwa imesukwa kwa waya wa unene huohuo. Majirani wakanichangia adapta zao mbovu.

Kuzungusha tukafanya na binti yangu, aliyekuwa darasa la nne. Nilibana bobini kwenye keekee ya mkono, keekee ikabanwa kwenye jiriwa. Mpini ukizunguka mara moja, bobini inazunguka mara nne. Yeye anazungusha na kuhesabu kwa sauti. Kila akifika mia anadondosha punje ya maharage kwenye bakuli. Mimi naongoza waya kwa ncha za vidole, bila kupumua sana. Ukikatika, tunasimama, nakwangua rangi ya waya kwa wembe, naunga kwa risasi, tunaendelea. Maharage kumi na nane yalipotimia bakulini tulikuwa na mizunguko elfu saba na zaidi, na mita ikasoma ukinzani wa kilo-omu sita na kidogo, jibu ambalo kurasa zangu za ukutani zilikuwa zimeliahidi. Binti alitaka kuendelea hadi maharage ishirini. Tukaizamisha pikapu kwenye nta ya mshumaa iliyoyeyushwa juu ya sufuria ya maji, ili waya zisitikisike zenyewe na kupiga mluzi.

Vanishi, volyumu ya redio iliyokufa, kapasita, tundu la waya: hayo yalikwisha upesi.

Siku ya kulijaribu, mjomba alikuja na shuka. Umeme ulitarajiwa usiku, naye hakuwa tayari kuambiwa habari zake asubuhi. Tulilaza mkeka ukumbini, tukanywa kahawa, akanisimulia jinsi miaka ya mwanzo ya themanini, nyuzi zilipoadimika madukani, walivyokuwa wakizichemsha za zamani kwenye maji ili zitoe jasho la vidole na kulia tena kwa wiki moja au mbili. Alikuwa amesinzia katikati ya sentensi taa zilipowaka na friji ya jirani ikaanza kunguruma.

Tulichomeka kwenye redio kaseti yenye tundu la maikrofoni. Kitu cha kwanza kilichotoka ni mvumo mzito. Mjomba, macho hajayafungua vizuri, akasema, "Zima hiyo tyubu. Na mimi nishike nyuzi." Nikazima taa ya tyubu, yeye akaweka kiganja juu ya nyuzi, mvumo ukapungua ukabaki kama nzi aliye chumba cha pili. Waya wa ethi nilikuwa nimeuunga kwenye daraja, ndiyo maana mwili wake ulisaidia. Yeye hakuyajua hayo ya ethi. Alijua tu kwamba magitaa yako hivyo.

Nilitegemea apige wimbo. Hakupiga. Aligusa uzi juu ya freti ya kumi na mbili bila kuubana, ukatoa ile sauti nyembamba ya filimbi. Kisha akaubana palepale na kuupiga tena.

"Huu unapanda," akasema. "Ukiubana unapanda."

Niliinama na bisibisi nikarudisha boliti nyuma kama milimita mbili. Akasikiliza. "Bado." Nikarudisha kidogo. "Umepita, mjomba, rudi." Hivyo hivyo uzi kwa uzi, zile nene zikihitaji kurudishwa zaidi, kama kurasa zilivyosema, ila kurasa zilitaka chombo cha kupimia nami nilikuwa na sikio la mzee aliyejifunika shuka. Alilalamika nyuzi ziko juu mno kwa solo. Akalalamika kona moja ya shingo inamchoma kidole gumba. Nikalichukua gitaa mapajani kwake, nikaikwangua kona kwa kipande cha kioo hapo hapo, nikamrudishia.

Kuhusu mbao hatujakubaliana mpaka leo. Mimi nasema kwenye gitaa la umeme kazi ya mbao ni kutulia isipinde, na sauti inatoka kwenye freti zilizopimwa, daraja lililokaza na pikapu. Ningeweza kutumia mlango wenyewe. Mjomba anasema aliisikia sauti ile ile uani, ikiwa bado ubao, na kwamba mimi nilichofanya ni kutoiharibu.

Alipoanza kupiga kweli kweli, umeme ulikuwa umebakiza chini ya saa moja. Jirani aligonga ukuta. Mjomba akapunguza volyumu bila kusimama, na jirani akagonga tena, na safari hii tukagundua alikuwa akigonga kwa mdundo.

Alfajiri aliniomba mkanda wa begi, akalifunga mgongoni, akapanda baiskeli. Alisema anakwenda kulizoea siku mbili tatu. Kisha ikawa kuna harusi Pongwe, kisha vijana wa mtaa wakataka kufundishwa. Nikilihitaji, siku hizi nampigia simu kwanza. Ananipa, hajawahi kuninyima, ila anasimama mlangoni na kuniuliza nitalirudisha saa ngapi.