Nilivyomnasa mwizi wa ndizi kwenye gesti yangu Jambiani

Nilipoeleza shida yangu, jibu la kwanza lilikuwa fukuza mlinzi. Mpaka leo nikikumbuka nakereka.

Nina gesti ndogo Jambiani, upande wa mashariki wa Unguja, vyumba vichache na jiko la uani lililoezekwa makuti. Masika ndo balaa, Aprili na Mei mvua inapiga, hoteli nyingi zinafunga, sie wadogo tunaganga njaa. Msimu ule nilikuwa na mtu na mkewe kutoka Ujerumani na mama mmoja wa Kiitaliano, basi. Kinachotubakishia jina ni chai ya asubuhi, chapati za maji, mayai, papai na ndizi mbivu. Sasa ndizi zikawa zinapotea. Jioni unaacha chane nzima, asubuhi unakuta vikonyo, na maganda yako wapi? Pembeni ya kiti cha mlinzi, hapo hapo ukutani mwa jiko.

Halafu yule mama wa Kiitaliano akaniuliza kwa upole, huyu mtoto anayelia usiku ni wa nani, mbona hanyonyeshwi? Nyumba nzima hamna mtoto!

Jirani mwenye gesti kubwa kushinda yangu akasema mlinzi wangu, yule mzee, ndo anakula, mfukuze. Mwengine akasema nyumba ina shetani, tafuta mtu aje afukize, elfu hamsini hivi na kuku juu. Mwengine akaja na sumu, eti tega sumu, jikoni, kwenye chakula cha wageni! Mzee mwenyewe alinifata macho yamemjaa machozi, "Mwanangu, ndizi mbivu zinanipa kiungulia, nile za kazi gani?" Nikamwambia Babu, wewe kaa, mwizi n'takuletea.

Nikanunua kufuli jipya, elfu kumi na kitu, ufunguo nikalala nao chini ya mto. Asubuhi mlango umefungwa vile vile, ndizi hamna, ganda liko kitini. Nilifurahi kweli, maana sasa mzee ametoka kwenye kesi, kupita mlango uliofungwa hawezi.

Nikamweka kijana wa jikoni ajifiche nyuma ya magunia ya mkaa. Usiku wa manane kitu kikamdondokea shingoni, kibichi, kinateleza. Alitoka nduki na yowe lililoamsha mtaa, kapiga teke ndoo, kajikwaa kwenye kamba ya nguo, kajizonga shuka za wageni, yule Mjerumani naye katoka na taulo na tochi anaona shuka jeupe linamjia mbio, na yeye akapiga yowe lake! Kumbe kilichodondoka ganda la ndizi. Lakini ganda limetoka JUU, na mpishi siku zote analalamika boriti inanuka mkojo.

Basi jioni nikachukua unga wa ngano na chekeche, nikapaka sakafu yote, meza, na juu ya ukuta pale penye uwazi chini ya makuti. Usipake mwingi, ukiwa mzito alama zinajifunika. Asubuhi sakafu haijaguswa, ila juu ya ukuta vimejaa viganja vidogo kama vya kichanga, vidole vimetanuka, vinaelekea kwenye boriti. Mzee akatazama akacheka mpaka akakaa chini. "Komba huyo!"

Kila kitu kikakaa sawa. Komba, kile kinyama kidogo cha usiku kinachoruka mitini, analia kama mtoto, anajipaka mkojo mikononi na miguuni ndo ile harufu, anapenda matunda, na wagema wanamjua kwa kuwanywea tembo lao mnazini. Anakaa boritini kwake juu anamenya, ganda linashukia kiti cha mzee.

Nikaziba uwazi kwa waya wa kuku, elfu thelathini na ushee na fundi. Hakikisha kwanza hajalala ndani ya makuti, mchana ndo usingizi wake, usije ukamfungia. Ndizi zikahamia kwenye ndoo ya mfuniko.

Wageni wakawa kila usiku wanakaa barazani kutazama macho mekundu kwenye mwembe (tochi ifunge kitambaa chekundu, usimuumize macho, na usimlishe). Wale Wajerumani wakaongeza siku, wakaleta na wenzao kutoka Paje.

Juzi jirani kaja, ndizi zake zinapotea, anataka waya uliobaki. Mlinzi wake alishamfukuza zamani. Nikamwambia waya upo, tena bure, ila kamrudishe kwanza yule kijana kazini na umlipe mshahara wake.